Arturo Martini na Lugha Mfu ya Mawe

Mnamo mwaka 1945 mchongaji Mwitaliano Arturo Martini alitoa mjini Venezia kijitabu kilichowashangaza wenzake. Alidai humo kwamba uchongaji ni lugha mfu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtu aliyeishi kwa kuchonga alivyoifikia kauli hiyo, na jinsi kazi yake mwenyewe ilivyoijibu.

Martini alizaliwa Treviso mwaka 1889, katika familia maskini. Shule hakuimaliza. Alijifunza kazi kwa mfua dhahabu na kwa wafinyanzi, na mwaka 1909 akaenda Munich kuongeza ujuzi. Aliishi miaka mingi kwa dhiki, hata mwaka 1931 alipopata tuzo ya kwanza ya uchongaji katika maonyesho ya Quadriennale mjini Roma. Tangu hapo riziki ikakunjuka, ila mwenye kuagiza kazi kubwa alikuwa dola la Mussolini. Ndipo zilipotokea Minerva ya shaba katika Chuo Kikuu cha Roma (1935) na Haki ya marumaru katika jumba la mahakama la Milano (1937).

Hapa ndipo penye kiini cha dai lake. Martini aliufananisha uchongaji na Kilatini: wafaa kwa sherehe na makaburi, wala hauna lugha ya watu wa kawaida iliyozaliwa kutoka kwake. Mshairi aweza kusema lolote kwa maneno ya kila siku. Mchongaji amefungwa katika umbo la mtu na la mnyama. Hata kabla ya kijitabu hicho, alikwisha mchonga mwanamke aogeleaye chini ya maji, kisha akamvunja kichwa, kana kwamba ataka kuyavunja mazoea ya sanamu yenyewe.

Baada ya vita alisimamishwa ualimu kwa ajili ya uhusiano wake na utawala wa Kifashisti. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Padova kilimwagiza kumbukumbu ya Primo Visentin, mpiganaji aliyeupinga utawala huo, akauawa Aprili 1945, vita vikiwa ukingoni kwisha. Martini akamchonga Palinuro, nahodha wa Virgilio, aliyeanguka baharini nchi ya Italia ikiwa karibu. Mwaka 1947 mchongaji huyo akafariki Milano.

Basi aliyeutangaza ufu wa lugha yake aliitumia tena, na kwa kisa cha Kilatini, kumlilia mtu wa zama zake. Pengine lugha haifi kwa uzee wake. Hufa isemapo tu yale yaliyoagizwa na wakubwa, na hufufuka apatikanapo mtu wa kuliliwa.