Rejeta, Dumu la Maji na Mpaka Uliofungwa

Wenye umri mkubwa wanaikumbuka miaka ile. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kwa watu wa Kilema, ambao Taveta ni jirani, njia ya karibu ya vipuri ikakatika. Kisha vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, vikameza fedha za kigeni.

Land Rover ikivuja maji, dumu likawa ndicho kipuri. Dereva alijaza, akapanda mlima, akajaza tena.

Lakini kuongeza maji si kutengeneza. Huku juu maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Ndani ya injini huzuiwa na mgandamizo, na penye tundu mgandamizo hupotea. Injini ikichemka mara kwa mara, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Hapo mpira wa bei ndogo umeua injini nzima.

Fundi hodari hutafuta kwanza. Injini ikiwa imepoa, hukagua mipira, pampu ya maji, rejeta na mfuniko wake. Oili ikiwa kama maziwa, uvujaji umo ndani. Kulehemu rejeta ni kazi bure.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na vipuri vikaanza kurudi. Dumu, hata hivyo, halikushuka garini. Uhaba ulipokwisha, mazoea yake yalibaki.

Ndugu mwenye gari, maji yakipungua kila siku, tafuta yanakopitia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.