Shauri kabla ya Kura

Mama anayeuza chai na mkate kibandani karibu na kwangu, Nairobi, alinijia mapema Juni 2024 na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu, hebu nitazamie." Alikuwa amemwandikia mbunge wake kuhusu Mswada wa Fedha. Barua nzima ilikuwa mistari miwili: Kataa mswada. Usipokataa, shauri yako.

Nikamuuliza ni kitu gani hasa anachokataa. "Mkate," akasema. Mswada ule ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Mkate wenyewe haukutajwa popote katika barua.

Mswada, au muswada kama waandikavyo Tanzania, ni neno la Kiarabu lenye mzizi wa weusi: karatasi iliyotiwa wino, ambayo bado haijanakiliwa safi. Ndiyo maana mtunzi wa riwaya naye hupeleka mswada kwa mchapishaji, akijua utarudi umejaa mikato ya kalamu. Mswada wa bungeni una asili hiyohiyo. Hupita kwenye kamati, kifungu kwa kifungu, na humo ndimo mstari unaweza kufutwa kabla haujawa sheria. Ule wa fedha ulifutwafutwa: tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba kodi ya mkate imeondolewa, pamoja na ile ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani.

Kura nayo ni ya Kiarabu, na hapo kale ilikuwa bahati nasibu. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anakumbuka mabaharia waliosafiri na Yona walivyopiga kura ili wajue tufani ile imewapata kwa ajili ya nani. Neno hilohilo tumelipeleka bungeni, nami naliona kama onyo. Mbunge anayeitikia ndiyo au la kwa kuwa kiranja wa chama amempa ishara, kifungu chenyewe hajakisoma, amerudi kwenye kura ya merikebuni.

Kinachotenganisha kura hizo mbili ni shauri, na hili ndilo neno nilipendalo kuliko yote haya. Shauri ni nasaha. Shauri ni kesi iliyo mbele ya hakimu. Na tukichoka na mtu tunamwambia shauri yako (wenye sarufi watasema shauri lako), yaani mimi nimekwisha kunawa mikono. Lifanye kitenzi, liongeze -ana, upate kushauriana: hapo sharti wawe watu wawili, na kila mmoja awe na sikio. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 118, inalitaka Bunge liwahusishe wananchi katika kazi zake. Jambo hilo tumeliita ushirikishwaji wa umma. Neno hili linanisumbua kwa sababu limejengwa juu ya kutendwa: mtu aweza kushirikishwa huku amekaa kimya nyuma ya ukumbi, jina lake likiandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria. Kushauriana kimyakimya hakuwezekani.

Tarehe 25 Juni wabunge walipiga kura: 195 waliunga mkono, 106 walipinga. Siku hiyohiyo vijana waliokuwa wakiupinga mswada huo walipigwa risasi nje ya Bunge. Kesho yake Rais Ruto akasema hatatia saini. Kabla ya hapo, watu walikuwa wamewajazia wabunge simu kwa ujumbe. Mashauri yalitolewa, mengi mno. Ninachokililia mpaka leo ni sikio.

Nirudi kwenye barua ya mama. Tuliiandika upya juu ya meza yake, kati ya birika na sufuria. Akataja mkate, bei anayonunulia, bei anayouzia, na faida inayobaki, ambayo kodi ingeimeza yote. Akaomba maneno hayo ya mkate yafutwe, na yasipofutwa, mbunge aseme la. Nikapendekeza tuuondoe ule mstari wa mwisho, kwani unasikika kama kitisho. Akafikiri kidogo, akachukua kalamu, akauandika tena kwa mkono wake: Sasa umenisikia. Ni shauri yako.