Kabla ya Kuleta Injili Iramba, Waswidi Nao Walimwomba Thor Mvua

Ukipanda basi la Dar kwenda Mwanza, ukishaiacha Singida mjini utafika njia panda inaitwa Misigiri. Ukinyoosha unateremka mlima Sekenke kwenda Shelui na Igunga. Ukikata kulia unaenda Kiomboi. Abiria wengi hapo wanapita wamesinzia, lakini hiyo barabara ya kulia ina stori ambayo kila wiki watu wanaigombania mtandaoni bila kuijua.

Ugomvi wenyewe kila mtu anaujua. Mmoja anaposti kwamba Ukristo ni dini ya wazungu, mababu walidanganywa. Mwingine anajibu kwamba matambiko ni ushetani na mababu walikuwa gizani. Komenti zinajaa, matusi yanaanza. Na pande zote mbili zinaamini kitu kimoja ambacho si kweli: kwamba mzungu alizaliwa na Biblia mkononi.

Tuanze na walioileta. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wa misheni ya Leipzig walikuwa wameshafungua kituo Ruruma, huko Iramba. Ujerumani ikashindwa vita, wamisionari wake wakaondolewa, na miaka ya 1920 wakaingia Wamarekani wa misheni ya Augustana. Hao ndio waliojenga jina la Kilutheri maeneo yale: hospitali Kiomboi, hospitali Iambi, ualimu Kinampanda. Mzee wa Iramba akikwambia alisoma "kwa wamisioni", mara nyingi anamaanisha hao.

Sasa, Augustana walikuwa akina nani? Kanisa lao lilianzishwa Marekani mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Uswidi. Yaani waliofika Iramba wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa Waswidi. Na Waswidi ni kati ya watu wa Ulaya waliochelewa kweli kuacha miungu ya mababu zao.

Unamjua Thor? Achana kidogo na yule wa muvi za Marvel mwenye nyundo na misuli. Thor halisi alikuwa mungu wa radi, upepo, mvua na mazao. Miaka ya 1070 padri mmoja Mjerumani, Adam wa Bremen, aliandika kwamba pale Uppsala, Uswidi, kulikuwa na hekalu lenye sanamu tatu, Thor akiwa katikati. Njaa ikikaribia, watu walimtolea Thor sadaka. Kila baada ya miaka 9 ilifanyika sherehe kubwa, wanachinjwa mbwa, farasi na hata watu, kisha miili inaning'inizwa kwenye msitu mtakatifu pembeni ya hekalu. Adam hakwenda mwenyewe, aliandika alichosimuliwa, na alikuwa na sababu ya kuwachafua wapagani, kwa hiyo wanahistoria wanabishana kuhusu hizo damu. Ila kwamba watu wa kule walikuwa na miti mitakatifu na mungu wa mvua, hapo hakuna ubishi mkubwa.

Kuna mtu mmoja kwenye hii historia ambaye jina lake halikuandikwa kabisa. Mmisionari Ansgar alifika mji wa Birka, Uswidi, karibu mwaka 830. Aliporudi tena miaka ya 850, mfalme hakutaka kuamua peke yake. Ikapigwa kura kwa njia zao za kuuliza miungu, halafu wakakaa baraza. Watu wakagawanyika. Ndipo akasimama mzee mmoja akasema, kwa kifupi, kwamba mungu huyu mpya amewasaidia watu wengi kwenye hatari za baharini, kwa nini tukatae msaada wake? Baraza likakubali mapadri wabaki.

Msome vizuri huyo mzee. Hakusema miungu ya babu zake ni ya uongo. Hakutubu. Alipiga hesabu tu: mmoja zaidi ana ubaya gani? Wazee wa Iramba waliompeleka mtoto mmoja misheni akasome, na wengine wakabaki nyumbani na mila, hesabu zao hazikuwa mbali na hiyo.

Si kila mahali Ulaya mambo yalikwenda kistaarabu hivyo. Mwaka 601 Papa Gregori wa Kwanza aliwaandikia watu wake waliokuwa Uingereza kwamba wasibomoe mahekalu ya wenyeji. Waondoe sanamu, wanyunyize maji ya baraka, watu waendelee kusali palepale walipozoea, na ng'ombe waliokuwa wakichinjwa kwa mizimu wachinjwe kwa sherehe ya kanisa. Mjanja sana. Lakini Mfalme Charlemagne hakuwa na muda huo. Mwaka 782, pale Verden, taarifa za wakati ule zinasema Wasaksoni 4,500 walikatwa vichwa kwa siku moja, na sheria yake iliyofuata ikasema Msaksoni akikataa kubatizwa, auawe. Kwa hiyo anayesema wazungu walitumia dini kuwatiisha watu yuko sahihi. Walianza kwa wazungu wenzao.

Na baada ya hayo yote, mila zilikufa? Wapi. Kwa Kiswidi Alhamisi mpaka leo ni *torsdag*, siku ya Thor. Krismasi wanaiita *jul*, jina la sikukuu iliyokuwepo kabla Yesu hajahubiriwa kule. Katikati ya mwaka wanasimamisha mti uliopambwa maua na kucheza kuuzunguka, hakuna mchungaji anayewakemea. Pale Uppsala ya zamani kanisa limejengwa hatua chache kutoka vilima walikozikwa wafalme wa kipagani.

Rudi sasa upande wa Kiomboi, uendelee mbele mpaka Mkalama, wilaya iliyokatwa kutoka Iramba mwaka 2012. Huko wapo Wanisanzu, ambao wenyewe hujiita Waihanzu. Kijiji chao cha Kirumi kilijulikana mbali kwa mvua. Wanaoshika mvua ni wa ukoo wa Anyampanda, na ukoo kwao unahesabiwa kwa mama. Washika mvua wanatakiwa wawili, mwanaume na mwanamke, kwa sababu mvua haizaliwi na upande mmoja. Kuna mawe ya mvua, kuna tambiko la mababu, na ikigoma kabisa kuna ngoma ya wanawake watupu, ambayo mwanaume haruhusiwi hata kuchungulia.

Hapa ndipo kuna dhuluma. Mswidi akicheza kuzunguka mti wake, ni utamaduni, watalii wanapiga picha. Bibi wa Kirumi akishika jiwe la mvua, ni ushirikina. Tofauti haiko kwenye jiwe wala mti. Mmoja alipewa miaka karibu elfu ya kuchanganya taratibu mpaka watu wakasahau kilichotoka wapi. Mwingine aliambiwa achague ndani ya kizazi kimoja, na mtoto wake alirudi kutoka shule ya misheni akimwonea aibu.

Wapo wamisionari walioliona hili. Howard Olson wa Augustana, aliyekaa na Wanyaturu hukohuko Singida na kusomea lugha yao, alichukua sauti za nyimbo za kienyeji akazitilia maneno ya kanisani. Zikaingia kwenye kitabu cha Tumshangilie Mungu, na leo zinaimbwa hata Marekani. Ni kazi nzuri, ingawa inachekesha kidogo: wimbo wa nyumbani ulihitaji mgeni auombee ruhusa ya kuingia kanisani.

Mwaka 1963 KKKT iliundwa, kanisa likawa mikononi mwa Watanganyika wenyewe. Mwaka huohuo serikali ikafuta uchifu. Kwenye karatasi, washika mvua wa Kirumi walibaki raia wa kawaida. Mtafiti Todd Sanders alipokwenda kuishi kule miaka ya 1990, zaidi ya miaka 30 baadaye, alikuta mvua ikichelewa watu bado wanakwenda Kirumi, na kati yao walikuwemo Wakristo na Waislamu, majina ya ubatizo na yote.

Haya wadau, kwenu mvua ikigoma mpaka Januari, anaitwa nani kwanza: mchungaji, shehe au bibi? Dondosha komenti hapo chini, na utaje na mkoa.