Springi Zilizobeba Mwangwi wa Gitaa

Kijana wa Kigali akitaka mwangwi kwenye gitaa lake leo, anabonyeza kifaa cha kidijitali. Zama bendi ya Rwanda, Orchestre Impala, ikivuma, miaka ya 1970 na 1980, amplifaya nyingi duniani zilikuwa na sanduku la bati chini yake, na ndani mna springi.

Asili ya springi hizo ni simu. Wahandisi wa kampuni ya simu ya Bell, Marekani, walizitumia kuiga namna sauti inavyochelewa kwenye nyaya ndefu. Miaka ya 1930 Laurens Hammond, mtengenezaji wa vinanda vya umeme wa Chicago, akaichukua mbinu hiyo ili kinanda cha sebuleni kisikike kama cha kanisani. Mtambo wake wa mwanzo ulikuwa na kimo cha zaidi ya mita moja, na springi nyingine zilizama kwenye mafuta. Kufikia 1960 kampuni yake ilikuwa imepata sanduku la sentimita 43 hivi. Kampuni ya amplifaya ya Fender ikalitumia mwaka 1961, na 1963 ikaliweka ndani ya amplifaya ya Vibroverb.

Kazi yake inapendeza. Koili upande mmoja huisokota sumaku ndogo iliyo kwenye ncha ya springi. Msokoto husafiri hadi koili ya pili, sehemu yake hurudi, ikaenda tena, mpaka ikafifia. Springi hazilingani ucheleweshaji, ndiyo maana mwangwi hausikiki kama kugonga kwa kujirudia.

Nawasihi mafundi wa Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Kigali: msilitupe sanduku kwa sababu limenyamaza. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalituchukulia wanamuziki kama Sebanani André na Bizimungu Dieudonné. Vyombo vya zama zao vilivyosalia vinastahili nusu saa ya uchunguzi.

Zima amplifaya, ng'oa plagi ukutani, na kama ni ya taa za vioo (vali) usiguse nyaya za ndani, maana kapasita hubaki na umeme wa kuua. Chomoa waya zote mbili za sanduku, kisha pima koili kwa mita ya umeme. Katika aina ya 4AB3C1B, iliyoenea sana kwenye amplifaya za Fender, koili ya kuingizia husoma karibu omu 1, ya kutolea karibu omu 200. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Mara nyingi ni ule mwembamba unaounganisha koili na tundu la plagi, nao hulehemika kwa mkono uliotulia.

Koili zikiwa nzima, angalia kama springi zimeshika ncha zote mbili. Rudisha waya, washa, tikisa sanduku taratibu. Ngurumo ikisikika kwenye spika, upande wa kutolea ni mzima. Tafuta hitilafu upande wa kuingizia. Koili ikiwa imeungua, nakili namba ya bati kabla ya kuagiza jingine: herufi mbili za mwanzo ndizo zinazotaja koili, na ukikosea hapo sanduku jipya litanyamaza vilevile.