Akeri: Hija Iliyoishia Katikati

Hapa mjini Arusha si ajabu tena kusikia, ibada ikikaribia kwisha, tangazo la safari ya Nchi Takatifu: Bethlehemu, Nazareti, Mto Yordani, Yerusalemu. Wenye uwezo huenda, wakarudi na vichupa vya maji ya Yordani na picha za kuonyesha majirani. Sisi tusio na uwezo huo tulichangishana, kina mama wengi na wazee wachache, tukakodi basi dogo, tukaenda Akeri.

Kwa asiyepajua, Akeri iko kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya barabara kuu iendayo Moshi, si mbali na Tengeru. Ni migomba, kahawa na mifereji ya maji. Hapo ndipo walipouawa kwa mikuki, tarehe 20 Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na ushei. Ovir alikuwa Mwestonia, na mwenzake naye alitoka huko huko nchi za Baltiki, ambazo zama hizo zilitawaliwa na mfalme wa Urusi. Misioni yao ilikuwa imeanza kazi Machame mwaka 1893, na sasa walikuja kutafuta mahali pa kujenga kituo kwa Wameru.

Kiongozi wa msafara wetu alijua kusimulia. Alitueleza habari za hema, giza, kelele za wapiganaji na sala ya mwisho, mpaka kina mama wakaanza kufuta machozi kwa pembe za kanga. Mimi mwenyewe koo lilinikaba. Ndipo mzee mmoja wa Kimeru, tuliyempakia njiani, akauliza kwa upole, "Na wale Wachaga, mwalimu?"

"Wapagazi? Nao walikufa, mzee wangu," akajibiwa. Kisha tukaanza wimbo.

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani, na ndilo lililonifanya nizungumze nanyi juma hili. Wachaga waliofuatana na wale vijana walikufa usiku ule ule, pahala pale pale. Kule Namugongo, Uganda, kila tarehe 3 Juni watu humiminika kwa maelfu, wengine kwa miguu kutoka Kenya na hata hapa kwetu, kuwakumbuka mashahidi kama Karoli Lwanga, aliyechomwa moto mwaka 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu 22 kati yao mwaka 1964. Wale ni Waafrika, na majina yao watoto huyajua kwa moyo. Yawaje basi hapa Meru tukariri majina ya wageni wawili, na wenyeji wa Kilimanjaro tuwaite wapagazi tu?

Lakini mzee alikuwa na jingine pia, ingawa hakulisema mbele ya wimbo. Alilisema tulipokaa chini ya mgomba kunywa chai. "Mwanangu, hadithi yenu inakomea asubuhi ile. Kwetu sisi ndiyo kwanza ilianza."

Ni kweli. Usiku ule Kapteni Johannes, mkuu wa jeshi la Wajerumani kule Moshi, alikuwa amepiga kambi na askari wake si mbali na hapo. Kumwua mgeni aliyelala si jambo la kusifia, wala sitalisifia. Ila jiulize, Mmeru wa mwaka 1896, aonaye Wazungu wawili wenye mahema na jirani yao Mzungu mwenye bunduki, angewatofautishaje? Angejuaje kwamba huyu amekuja na Biblia tu?

Johannes alirudi na askari pamoja na wapiganaji wa Kichaga. Nyumba za Wameru na Waarusha zikachomwa moto, migomba ikakatwa, watu wakauawa, ng'ombe na mbuzi wakaswagwa kwa maelfu. Mwaka 1897 wakaadhibiwa tena. Anayejua maana ya mgomba kwa mtu wa mlimani ataelewa kwamba kuukata ni kumnyang'anya chakula cha leo na cha kesho. Mwezi Machi 1900, kule Moshi, Mangi Meli alinyongwa, na viongozi wa Meru na Arusha walikuwamo miongoni mwa walionyongwa. Wakati huo huo hapa mjini ikajengwa Boma, kwa mawe na kwa jasho la Waarusha na Wameru waliolazimishwa. Bado imesimama, nayo ndiyo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Baadaye walowezi wakagawiwa ardhi nzuri ya chini ya mlima, na hapo ndipo lilipopandwa lile shauri la ardhi ambalo marehemu Kirilo Japhet alilipeleka Umoja wa Mataifa mwaka 1952.

Wamisionari walirudi mwaka 1902, wakajenga Nkoaranga, juu kidogo ya hapo. Na wajukuu wa waliochomewa nyumba ndio wanaolijaza kanisa leo, mzee wetu akiwamo. Nilimwuliza haoni ugumu kuja kusali Akeri. Akacheka. "Nisali wapi tena? Babu yangu naye amelala humu humu mlimani."

Tulirudi jioni. Basi likapita hatua chache tu kutoka Boma, hakuna aliyegeuza shingo, tulikuwa tumechoka na njaa inauma. Siku ya pili nikamwendea kiongozi wetu, nikamwomba safari ijayo tuanzie Boma, twende Akeri, tumalizie Nkoaranga, na mzee yule apewe nafasi azungumze kabla ya wimbo, si baada. Hakukataa. Alitoa kalamu akaandika kwenye daftari lake, kisha akaniuliza kama najua mtu mwenye basi la bei nafuu zaidi.