Marumaru za Rangi: Tangazo la Dola ya Roma

Watu wakizungumzia Pantheon, hekalu kuu la kale mjini Roma, husifu kuba lake, nalo lastahili sifa. Lakini jengo hilo lililokamilika zama za Kaisari Hadrian, karne ya 2 BK, lina habari nyingine kutani na sakafuni. Marumaru yake ya manjano ilichimbwa Chemtou, Tunisia ya leo. Ile yenye mishipa ya zambarau ilitoka Docimium, Uturuki. Porfiri nyekundu na itale ya kijivu zilitoka jangwa la mashariki mwa Misri. Nadhani rangi hizo zilikuwa kwanza tangazo la utawala, uzuri ukifuata nyuma.

Atakayepinga atasema matajiri hupenda vitu adimu, basi. Ni kweli, tena mapenzi hayo yaliwatangulia makaisari: Lepidus, konseli wa mwaka 78 KK, alilaumiwa kwa kuweka nyumbani kwake vizingiti vya marumaru ya Numidia, ile ya manjano ya Chemtou. Ila anasa peke yake haielezi itale ya Mons Claudianus, machimbo ya jangwa lile la Misri. Nguzo za safu ya mbele ya Pantheon, kila moja jiwe zima la karibu mita 12, zilichongwa huko jangwani, zikaburutwa zaidi ya kilomita 100 hadi mto Nile, zikateremshwa hadi pwani, kisha zikavushwa Mediterania. Itale ya kijivu ilikuwapo visiwani Elba na Giglio, mlangoni pa Roma! Aliyeiacha hiyo akaagiza ya Misri alitaka umbali wenyewe uonekane. (Wengi hudhani kazi ile ilifanywa na watumwa na wafungwa, lakini maelfu ya vigae vyenye maandishi vilivyofukuliwa machimboni vinataja mishahara na mgawo wa maji.)

Sanamu nazo zinashuhudia. Katika uwanja wa Kaisari Trajan, mateka wa Dacia, yaani Romania ya leo, walichongwa kwa marumaru ya Docimium na kwa porfiri ya Misri. Mtu aweza kuuliza: kama jiwe liliwakilisha nchi, mbona mateka wa huku amevikwa jiwe la kule? Jibu ni kwamba mtawala hakuwa akifundisha jiografia. Alionyesha kuwa mtu na jiwe, popote vilikotoka, ni mali yake. Hata dola hiyo ilipopita na machimbo ya porfiri kufungwa, mawe hayo yaliendelea kuthaminiwa: wajenzi wa makanisa ya Roma ya karne ya 12 walizikata nguzo za kale vipande vya duara, wakavitandaza sakafuni.