Flopi Moja, Mashine Ishirini

Fundi wa kompyuta aliyefanya kazi Machakos mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa na vitu vitatu: bisibisi, brashi ya vumbi na flopi. Si flopi yoyote tu. Ni ile aliyoiandika USIFUTE kwa kalamu ya wino mzito na kuitia mfuko wa shati, asimwachie mtu. Yangu ilikuwa nyeusi, ya megabaiti 1.44. Kwa hiyo flopi nilifufua mashine ishirini usiku mmoja. Kwa hiyo hiyo pia nilimkosea mama mmoja ambaye hadi leo nikimkumbuka nainamisha kichwa.

Hadithi yenyewe inaanzia mbali na Machakos. Mwaka 1995, huko Auckland, New Zealand, Murray Haszard wa kampuni ya Binary Research alitengeneza programu ya kunakili diski ngumu nzima, kila kitu mahali pake. Iliitwa Ghost, yaani mzimu. Mwaka 1998 Symantec ya Marekani ikainunua, ikaenea dunia nzima. Sisi mafundi tukaifanya kitenzi: leo tunaghosti.

Kabla ya hapo, ukiwa na maabara ya mashine ishirini, uliweka Windows kwa sidii, moja baada ya nyingine. Kisha programu za kuandikia, kisha printa, kisha dawa ya virusi. Ukimaliza ya ishirini, ya kwanza imeshaharibika tena.

Kwa Ghost, ulitengeneza mashine moja vizuri, tuiite mashine mama. Ukapiga picha ya diski yake, picha hiyo ikawa faili moja kubwa kwenye seva. Halafu ukaenda kwa zile nyingine na flopi. Kompyuta za wakati ule zikiwashwa zilitazama flopi kwanza kabla ya diski ngumu. Ndani ya flopi kulikuwa na DOS, dereva wa kadi ya mtandao na programu yenyewe. Kwa hivyo hata mashine ambayo Windows yake imekufa kabisa iliweza kuamka na kuita seva kupitia waya. Programu ikishapanda kwenye kumbukumbu, unachomoa flopi, unahamia mashine inayofuata. Zote zikiwa tayari, seva inatuma data mara moja tu na zote zinapokea pamoja, kama chifu anayesoma tangazo barazani badala ya kupita nyumba kwa nyumba.

Kwetu hii haikuwa starehe. Kompyuta nyingi za vyuo na shule zilikuwa zimeshatumika ng'ambo. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, lilikuwa likikarabati mashine za aina hiyo na kuzipeleka shuleni. Intaneti nayo ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kujikokota. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Virusi vya Blaster vilipozuka Agosti 2003, mashine zikawa zinahesabu sekunde 60 kisha zinajizima na kujiwasha. Kushusha dawa yake kwa laini ya simu, mashine kwa mashine, ungezeeka hapo. Kurudisha picha ilikuwa haraka zaidi.

Taabu hazikukosa. Picha ya mashine ya aina moja ukiiweka kwa nyingine, unapata skrini ya bluu. Stima ikipotea katikati, zote ishirini zinabaki nusu, unaanza upya.

Lakini taabu kubwa haikuwa ya umeme. Kwenye chuo nilichofundisha, darasa la jioni lilikuwa na mama mmoja, katibu wa kikundi cha mwethya. Msomaji wa Ukambani anavijua vikundi hivi: ndivyo vilivyochimba matuta ya milima yetu, watu wakisaidiana shamba hadi shamba. Yeye aliandika michango ya wanachama kwa daftari. Mimi ndiye niliyemwambia, mama, achana na daftari, weka kwa kompyuta, haipotei. Akanisikia. Kwa wiki sita akaandika moja kwa moja kwenye mashine ya dirishani, faili akaiacha pale pale mbele ya skrini.

Ijumaa moja ya mwaka 2005 virusi viliingia tena. Nikatoa flopi yangu. Kufikia saa nne usiku mashine zote zilikuwa safi, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Jumatatu jioni alikaa pale dirishani muda mrefu. Kisha akaniita, kwa upole sana.

"Mwalimu, hii kompyuta imenisahau?"

Sikuwa na jibu. Kurudisha picha ni kuirudisha mashine kwenye siku ile ilipopigwa picha. Yote yaliyoandikwa baadaye yanafutwa, virusi pamoja na jasho la watu. Mimi nilijua hivyo. Yeye hakuambiwa.

Jumamosi nilienda kwenye mkutano wao kuomba msamaha. Wakina mama walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakikumbushana, mmoja mmoja, nani alitoa ngapi na nani alikuwepo akitoa. Majina karibu yote yalipatana. Mama mmoja alisema alitoa mia mbili, mweka hazina akakumbuka mia. Walibishana kidogo, halafu wakaandika mia mbili. Hiyo mia nyingine niliitoa mimi, hakuna aliyenizuia.

Baada ya hapo tuliweka folda ya kila mwanafunzi kwenye seva, na ikawa mwiko kufufua mashine bila kutangaza siku mbili mbele. Teknolojia nayo ikasonga. Kadi za mtandao zikaanza kuita seva zenyewe kwa PXE, mwaka 2007 Clonezilla ikatoka Taiwan, ya bure, na sehemu ya flopi ikatoweka kwenye kompyuta mpya.

Yule mama alimaliza kozi yake. Kila jioni alikuja na flopi yake mwenyewe na daftari, akaandika kotekote. Kabla ya kukaa aliniuliza, "Mwalimu, leo mnafufua?"